Wasia wa Kisabengo: Nasaba na Dola Chini ya Milima ya Uluguru

Katika mambo yote yanayosimuliwa juu ya Kisabengo, Mzigua aliyeasisi mji ambao leo unaitwa Morogoro, yako ya vita, yako ya utekaji wa watu, na yako ya ujenzi uliowastaajabisha wasafiri waliotoka mbali; walakini lile ambalo kwa rai yangu lina uzito kuliko hayo yote ni la siku zake za mwisho, wakati mzee yule aliyeishi kwa bunduki alipousia kwamba kiti chake kikaliwe na binti yake mkubwa, na kwamba jina la mji, Simbamwene, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitwaa uzeeni badala ya jina lake la ujana, liwe jina la binti huyo pia. Aghalabu wasia huu hutajwa kwa maneno machache na kupitwa, kana kwamba ni huba ya baba kwa mwanawe na basi. Mimi nauona kuwa ni tendo la siasa lililofikiriwa sana, na mtu hawezi kuufahamu mpaka kwanza afahamu namna nasaba inavyohesabiwa katika nchi ile, na namna mgeni mwenye nguvu anavyoweza kuwa na kila kitu pasipo kuwa na ndugu.

Kisabengo hakuzaliwa katika nyumba ya utawala. Henry Stanley, aliyepita mjini pale Aprili 1871, wakati mwasisi wake amekwisha kufa, aliandika kwa mujibu wa alivyosimuliwa kwamba mtu huyu alitoka katika jamaa dhalili, akapata sifa kwa nguvu za mwili, kwa ufasaha wa kauli na kwa ucheshi uliowavuta watu, hata watumwa waliotoroka mabwana zao wakamfanya kiongozi wao. Na kwamba alipotafutwa na hukumu ya Sultani wa Unguja alikimbilia bara, katika Ukami, nchi iliyoenea zama hizo tangu mpaka wa Ukwere hadi Usagara, akaanza kuiteka. Tusimkuze kwa jambo asilostahiki. Walioumia kwa mikono yake ni wengi. Richard Burton na John Speke walipopita Khutu kwenda Zungomero mwaka 1857 waliona nchi iliyoteketezwa na wateka watu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton alilitaja jina la Kisabengo miongoni mwa wanaotisha nchi.

Lakini mtu huyu alikuwa mwana wa zamani zake. Wazigua waliotangulia kizazi chake walikuwa wamepigwa na njaa kali ya miaka ya 1830, hata wengi wakajiweka rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, wakajikuta wametiwa majahazini na kuuzwa. Wazao wa baadhi yao wako mpaka leo kando ya mto Juba huko Somalia, na lugha yao bado ni Kizigua. Hali hii ikageuka pindi baruti na bunduki zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia bandari za Saadani na Whinde, kwani Wazigua ndio waliokuwa karibu na milango hiyo, na wale waliokuwa wakiuzwa jana wakapata uwezo wa kuwauza jirani zao wasio na silaha. Kisabengo alisimama mahali hapo hasa, baina ya watu waliokimbia utumwa na watu aliowatia utumwani, na sidhani kwamba twaweza kumtazama kwa upande mmoja tu bila kuidhulumu taarikhi.

Wakami walipokosa uwezo wa kumpinga, walimwachia sehemu kubwa ya bonde la Ngerengere, ambalo ni miongoni mwa mabonde yenye rutuba katika nchi yote ya mashariki. Hapo, chini ya milima ambayo kilele chake cha Lupanga hupanda zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mto yakipita karibu na ukuta, alijenga mji wake. Stanley, aliyekuwa amekwisha kuona miji ya Uajemi, aliufananisha ukuta wa Simbamwene na maboma ya huko: mji wa pembe nne, katika kila pembe mnara wa mawe, malango manne yakielekea mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, na kila lango lina mlango wa mbao ngumu ulionakshiwa kwa nakshi nyembamba za Kiarabu. Alikadiria nyumba kuwa zapata 1,000 na watu kukaribia 5,000. Nyumba ya mtawala ilijengwa kwa mtindo wa pwani, paa lake limeteremka na baraza pana mbele. Msafara uliotoka Bagamoyo ukielekea Unyanyembe, baada ya siku nyingi za nyika na matope ya mto Kingani, ulikuta hapo soko, maji, chakula, na mtu wa kumlipa hongo, yaani ushuru wa njia.

Huo ndio upande wa mawe na mbao. Upande wa pili, ambao msafiri wa siku mbili hawezi kuuona, ni wa nasaba.

Waluguru wa milimani, na Wakami na Wakutu wa mabondeni, na Wazigua wenyewe waliomzaa Kisabengo, na Wakaguru, Wanguu, Wakwere na Wazaramo waliowazunguka, wote kwa asili ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto huzaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, hurithi ardhi kwa mjomba wake, na mamlaka ya nyumba hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, wala si kwa baba kwenda kwa mwana. Katika Uluguru zipo koo zipatazo 50, na kila moja imegawanyika katika milango mingi, kila mlango na mkuu wake, kila mkuu na bonde lake au mgongo wake wa mlima. Na mgeni atakaye kulima katika ardhi isiyo ya ukoo wake huenda kwa mkuu wa ardhi ile, akaombewa mahali, akalipa ngoto kila mwaka ili ijulikane kwamba alimapo si pake. Mkuu mmoja akifa, mrithi wake hatwai kiti tu, bali hutwaa na jina, pamoja na vitu vya urithi kama kigoda na bangili, hata ikawa yule aliyekufa karne mbili zilizopita na huyu aliye hai leo wanaitwa kwa jina moja na wanazungumzwa kana kwamba ni mtu mmoja.

Hata hivyo lau mtu angedhani kwamba katika mpango huu baba hana thamani, angekosea sana. Baba huwapa watoto wake kitu kingine: jina la ukoo wake hufuatana nao maishani, kwani Mluguru hutambulishwa kwa jina la pili lianzalo kwa Mwana, nalo hutaja ukoo wa baba aliyemzaa, na jamaa za baba ndio wanaotakiwa wawepo katika mambo makubwa, katika jando na unyago, katika ugonjwa na mazishi. Fauka ya hayo, wazee walipendelea kijana aoe katika ukoo wa baba yake, ili damu iliyotoka katika nyumba ile irejee humo katika kizazi kifuatacho. Kwa njia hiyo koo mbili zilizopeana watoto mara moja ziliendelea kupeana, wajukuu wakiwarudia mababu, na bonde likashikamana na bonde bila ya askari wala mkataba wa maandishi. Huu ulikuwa ndio ulinzi wa milimani. Wengi waliokimbilia mabonde ya Mgeta, Matombo na Kinole katika karne zilizopita walifika wakiwa vikundi vidogo vilivyofukuzwa na vita au njaa, na wakapata maskani kwa ndoa.

Sasa mtazame Kisabengo ndani ya mpango huo. Alikuwa na mji, bunduki, hazina na watu waliomwogopa. Lakini wafuasi wake walikuwa mchanganyiko wa waliotoroka na waliotekwa, watu waliokatika na koo zao, na yeye mwenyewe ukoo wake ulikuwa mbali, huko Uzigua, hauna kaburi hata moja katika bonde la Ngerengere. Kulikuwa na njia moja ya haraka ya kujipatia ndugu, nayo ni kuchanjiana damu, ambayo Burton alieleza kuwa Wazaramo, Wazigua na Wasagara huiita sare: watu wawili hukaa juu ya ngozi wakikabiliana, pinde zao zimewekwa mapajani, mtu wa tatu akizungusha upanga juu ya vichwa vyao na kumlaani atakayevunja kiapo, kisha wakala moyo wa mnyama uliopakwa damu ya kila mmoja. Undugu wa namna hii ni mzito, na aliyeuvunja alihesabiwa amejiletea mauti. Ila sare huwafunga watu wawili, na mmoja akifa fundo hulegea. Kitu kitakachovuka kifo cha mtu, katika nchi kama ile, ni tumbo la mwanamke.

Kwa kanuni ya nchi, Kisabengo angalipaswa kumwachia mpwa wake mji, yaani mtoto wa dada yake. Akamwachia binti. Na binti, kwa kanuni hiyo hiyo, si mtu wa ukoo wa baba, bali wa ukoo wa mama yake, na watoto wake watakuwa wa ukoo huo, na watoto wa binti zake vile vile, daima. Kwa hiyo mtu aliyeupata mji kwa kunyang'anya, alipofika ukingoni mwa kaburi, aliutoa katika ukoo wake mwenyewe akautia katika ukoo wa mkewe. Ndiyo maana nasema wasia huu ni siasa. Alikuwa amejua kuwa bunduki zingenunuliwa na wengine pia. Akautafutia mji wake kitu ambacho hakikununuliwa Saadani wala Whinde, naye akampa binti jina la mji ili isiwezekane kumtaja mmoja bila mwingine.

Msomaji asidhani kwamba haja hii ilikuwa ya Wazigua na Waluguru peke yao. Katika Bretagne, jimbo la magharibi kabisa la Ufaransa, alikuwako bwana mmoja wa karne ya 14, Olivier de Clisson, ambaye maisha yake yanalingana na haya kwa namna inayonivutia kila nikiyasoma. Jimbo lile liliingia katika vita vya urithi mwaka 1341 kwa kuwa mtawala wake alikufa bila mtoto, na madai yakagawanyika kati ya mpwa wake wa kike, Jeanne wa Penthièvre, aliyeolewa na Charles de Blois, na ndugu yake wa baba mmoja, Jean de Montfort. Baba yake Clisson alikatwa kichwa Paris mwaka 1343; mwana alilelewa Uingereza, akapigana upande wa Montfort, akapoteza jicho katika vita vya Auray mwaka 1364, ambamo Charles de Blois aliuawa; halafu akageuka akamtumikia mfalme wa Ufaransa, hata mwaka 1380 akafanywa amirijeshi mkuu wa ufalme.

Mtu huyu mwenye mali nyingi na maadui wengi hakuwa na mwana wa kiume. Alikuwa na binti wawili. Mmoja, Marguerite, alimwoza kwa mtoto wa yule Charles de Blois ambaye yeye mwenyewe alimpiga vita, baada ya kumkomboa kijana huyo kwa fedha kutoka kifungoni Uingereza. Na mpango wa ndoa hiyo ulimtia hofu mtawala wa Bretagne kiasi cha kumkamata Clisson kwa hila mwaka 1387 na kumtoza fedha na ngome ndipo amwachie. Wa pili, Béatrix, aliolewa katika ukoo wa Rohan. Clisson alikufa mwaka 1407. Mwaka 1420 Marguerite na wanawe walimteka mtawala, lakini wakalazimika kumwachia, wakapoteza milki zao. Ilhali ngome ya Josselin, yenye minara ambayo Clisson aliijenga, iliyopita kwa Béatrix, imo mikononi mwa ukoo wa Rohan hadi leo. Baba mmoja, binti wawili, ndoa mbili: moja ilibomoa na moja ikajenga, na katika zote mbili bwana mwenye minara alihitaji binti ili minara hiyo iwe na mwenyewe baada yake.

Na tumrudie binti wa Uluguru. Simbamwene alitawala mji ulio juu ya njia kuu ya misafara, na hakuna ajabu kwamba wageni walimwandika kwa kadiri alivyowatoza. Padre Anton Horner wa misheni ya Bagamoyo alisafiri mpaka Ukami mwaka 1870, akitafuta mahali pa kupeleka kazi ya misheni bara, na nchi aliyoiona ilikuwa chini ya mwanamke huyo. Stanley alipofika mwaka uliofuata waligombana. Mpishi wake alitoroka, askari waliotumwa kumtafuta wakakamatwa na watu wa mji, bunduki zao zikachukuliwa, mpaka sheikh mmoja wa Kiarabu aliyepita na msafara wake akaingia kati nao wakaachiwa. Stanley alimfananisha Kisabengo na mfalme Theodore wa Uhabeshi, aliyekufa Magdala mwaka 1868, kwamba ni nakala yake ndogo, na binti akamwona kwa jicho hilo hilo. Hukumu hii siikubali. Watu wenye silaha waliokuwa wakizunguka mipakani mwake bila idhini wangekamatwa na mtawala yeyote aliyejiheshimu, awe Simbamwene wa Ngerengere au liwali wa Bagamoyo. Na hongo aliyoidai ndiyo ile ile iliyolipwa kwa kila mtemi tangu Ugogo mpaka Ujiji. Lililomchukiza mgeni, naamini, ni kuagizwa na mwanamke.

Haukudumu mji ule kama alivyoutaka baba. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliivunja Unguja, ikazamisha majahazi na kung'oa mikarafuu, na mvua za majira yale ziliuinua mto Ngerengere kwa namna isiyokumbukwa. Stanley aliporudi kutoka kwa Livingstone mwishoni mwa mwezi huo alikuta ukuta wa mbele wote umezolewa na maji, nyumba zipatazo 50 zimekwenda, na mtawala mwenyewe amehama. Mto uliochaguliwa kuwa ngao ndio uliovunja ngao.

Baada ya Simbamwene, jina la mtawala linalosikika mjini ni la Kingo. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo walianzisha misheni Morogoro mwaka 1882; miaka miwili baadaye Carl Peters akapita kwa haraka akijipatia misalaba kwenye karatasi za Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami, na kwa karatasi hizo Udachi ukadai nchi; mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika. Mwingereza naye, alipoleta utaratibu wa kutawala kwa kupitia wenyeji mwaka 1925, alitaka masultani hata mahali ambapo hapakuwa na usultani, na kwa Waluguru majina mawili yalijitokeza: Kingo mjini, na Kingalu milimani.

Kingalu ni habari nyingine, na ndiyo inayouonyesha wasia wa Kisabengo kwa ukamilifu. Makao yake ni Kinole, upande wa mashariki wa milima, mahali pa migomba na ukungu, mbali na njia ya misafara. Hakujenga ukuta. Adhama yake ilitokana na mvua: watu waliteremka na kupanda kutoka mabonde mengi kwenda kumwomba, kama walivyokwenda kwa wenye pango la Kolero kusini ya milima hiyo hiyo, na waliompelekea zawadi hawakupelekewa askari kwanza. Nguvu ya namna hii haiwezi kuzolewa na mafuriko, na sheria ya mwaka 1963 iliyofuta utawala wa machifu katika Tanganyika iliondoa mishahara na mahakama za machifu, lakini haikumkataza mjomba kuwa na mpwa.

Mji wa leo una kata iitwayo Kingo na kata iitwayo Sultan Area, na soko lake kuu, lililofunguliwa mwaka 2021, linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Mchuuzi wa nyanya atokaye Mgeta huingia humo kwa pikipiki alfajiri, akapanga matenga yake chini ya jina ambalo mababu zake walilipelekea zawadi ili wapate mvua ya kuotesha mbegu. Na huko Kinole, kila kiti kinapokuwa kitupu, wazee wa ukoo hukaa kuchagua miongoni mwa waliozaliwa na wanawake wa nyumba ile. Na yeyote wampataye, jina lake la kuzaliwa huwekwa kando, akaitwa Kingalu, halafu nyuma ya jina hilo hufuatishwa Mwana na ukoo wa baba yake, hata orodha nzima ya waliotawala ikawa pia ni orodha ya koo zilizooa katika nyumba ya Kinole.